Nukta ya Pili Mchangani

Jumatatu, 2 Juni
Wiki ya tatu ya ndoa. Mke wangu Hana ni mtaalamu wa mawimbi! Leo nimeona maabara yao: sanduku kubwa la mchanga, vinasa sauti pande zote. Anagonga mchanga, vinanasa mwangwi, kompyuta inaugeuza, mwangwi wa mwisho unakuwa wa kwanza, kisha unarudishwa mchangani. Mawimbi hufuata njia yalizojia hadi yakutane kwenye kitu kilichofukiwa. Kama wageni wa harusi warudi kinyumenyume, kila mmoja kwa njia yake, wajikute tena mbele ya bibi harusi. Nilisahau kufunga mdomo.

Ijumaa wanakuja wakubwa wa serikali kutoka Mtumba. Wakiridhika, Hana anapata ajira ya kudumu, kutafuta mabomba ya maji yaliyopotea ardhini.

Jumanne, 3 Juni
Hana na mwenzake wa kazi, Habibu, wanachekea habari za masafa ya mawimbi. Mimi wa kidato cha nne nitachekea wapi? Nimepata wazo. Nimewapelekea ugali wa uwele na mlenda. Walipokwenda kunawa, nikafukia pete yangu ya ndoa. Mawimbi yamwambie nampenda!

Jumatano, 4 Juni
Balaa. Hana alifukia kipande cha bomba tu, skrini inaonyesha nukta mbili. Anadhani mashine mbovu. Kuchimba hawezi: mchanga ukiguswa, mawimbi yanapotea njia, aanze upya. Habibu kamshauri aifute nukta ya pili. Hana kakataa. Ni mwaminifu, mke wangu! Nimeficha kidole mfukoni.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepeleka chakula ili niichomoe pete. Hana hakwenda kunawa. Amekaa kando ya sanduku kama kuku anayeatamia. Nimerudi na vyombo.

Ijumaa, 6 Juni
Nilikuwa nawamiminia wageni chai pale mkubwa wao, Mama Paulina, alipouliza nukta ya pili ni nini. Habibu akasema hitilafu. Hana akasimama.

"Mama, mashine yangu haisemi uongo. Ni kitu kidogo, cha mviringo, cha madini. Chimbeni."

Wakachimba. Pete, na majina yetu ndani. Mama Paulina akauliza Sila ni nani. Nikainua kidole kitupu.

"Bomba tulijua lipo," akasema. "Hii hakuna aliyeijua, na binti kaiona."

Ajira kapata! Njia nzima alitembea mbele yangu, pete ngumini. Mlangoni akanivisha pete, kisha akanivuta sikio. Mkono laini ajabu.

Jumamosi, 7 Juni
Hana ameniapisha nisiguse mchanga tena. Nimeapa kwa moyo wote. Jumatatu wanaanza majaribio ndani ya tangi la maji. Nimeshanunua hereni zisizoshika kutu.