Kompyuta ya Kioo na Safari ya Kitindamimba

Jumatatu, 3 Juni

Nimejitolea! Jana, kwenye kikao cha familia ya mke wangu, alitakiwa mtu wa kutengeneza filamu ya kumuaga Kitindamimba, mdogo wake wa mwisho mke wangu. Jumapili hii anaondoka kwenda kufanya kazi ya uuguzi mbali sana, ndege mbili na basi moja. Mkataba wa miaka minne. Anataka aende na sura na sauti za nyumbani, awe anaziangalia upweke ukimzidi.

Nikamwona kaka wa mke wangu anafungua mdomo. Huyu ana kompyuta inayowaka rangi zote, ndiyo maana mimi, moyoni tu, namwita Taa Saba. Nikanyoosha mkono kabla hajavuta pumzi. Mikono yote miwili, kusema kweli.

Watu nimewarekodi palepale, kila mmoja na neno lake. Yote yako kwenye flashi. Kinachokosekana ni kompyuta ya kuhariri. Laptopu yangu ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe, nayo bado inakukaribisha.

Basi nitaunda yangu! Kipuri kwa kipuri. Mashine ya kati, isiyo ya kifalme wala ya kimaskini. Ihariri video bila kukwama, na kazi ikiisha inichezeshe lile gemu la magari yanayopanda milima yenye ukungu. Hilo la gemu sikulitaja kikaoni. Halikuwa kwenye ajenda.

Leo dukani nilikuwepo mwili tu. Nauza miwani. Mzee mmoja alinisomea herufi za ukutani, mimi nikawa nasikia prosesa, ramu, kadi ya picha, zinapita kama mawingu. Nikamwambia macho yake ni mazuri ajabu. Kumbe alikosea mistari yote.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mama Vipuri. Duka lake ni jembamba kama korido, ukitaka kugeuka lazima utoke nje kwanza. Ana miwani mizito kwenye kamba (fremu ya zamani, ningempa nyingine) na bisibisi sikioni pale wengine wanapoweka kalamu.

Akaniuliza kompyuta ni ya nini. Nikasema kuhariri filamu ya familia. Akaniuliza, na gemu? Nikasema labda kidogo, wageni wakija. Akanitazama juu ya miwani. Sijui kwa nini nilianza kujikuna.

Akaniandikia orodha kwenye kipande cha boksi. Prosesa ya kati yenye viini vingi vya kufanyia kazi, maana video inapenda viini vingi. Ramu vipande viwili, si kimoja. Kadi ya picha ya kati. Diski ya kasi. Pawa saplai ya nguvu, yenye jina. Kasha lolote la bati, mradi lipitishe hewa. Hapo kwenye pawa saplai akapiga mstari mara mbili. Akasema hiyo ndiyo inayolisha wengine wote umeme, kaka, hapo usibane.

Nilikuwa nasikiliza. Kweli nilikuwa nasikiliza. Ila nyuma ya bega lake, juu ya rafu, kulikuwa na kasha la kioo. Kioo pande mbili! Feni tatu mbele, zinazunguka polepole, taa zake zinatoka buluu zinaingia zambarau zinarudi buluu, kama bwawa ambalo mtu ametupa kijiwe na halijataka kutulia. Nikajiona nimekaa mbele yake. Nimevaa shati jeupe. Kitindamimba ananiita kutoka mbali, ananiambia shemeji, filamu yako imeliza wodi nzima.

Mama Vipuri akaniuliza kama ninaumwa.

Hesabu ni rahisi: nikichukua pawa saplai ya bei ya chini, kasha la kioo linaingia. Umeme ni umeme tu. Haujui jina la boksi ulimopita.

Jumatano, 5 Juni

Upelelezi. Nataka kujua kadi ya picha ndefu inaingiaje kwenye kasha kama lile, na Taa Saba analo la aina hiyohiyo. Kumuuliza? Afadhali nife.

Nikaenda kumsalimia, utepe wa kupimia wa mke wangu ukiwa mfukoni. Alipokwenda jikoni kuleta maji, nikapiga mbizi chini ya meza. Nikapima nje, urefu na kimo. Nikawa naandika kiganjani, mara miguu ikasimama mbele ya pua yangu. Ndala za buluu. Za kwake.

Nikasema nimedondosha kifungo.

Ubaya wa Taa Saba ni wema wake. Akaweka maji chini, akapiga magoti, akaanza kunisaidia kutafuta. Robo saa nzima! Akavuta kabati. Akaleta tochi. Na akakipata! Kifungo cheusi, cha nani sijui. Akanipa kwa furaha ya mtu aliyepata lulu. Shati langu lina vifungo vyeupe. Nikamshukuru sana.

Nilipouliza, hivihivi tu, mashine yake ina prosesa gani, akajibu ni ya kisasa, akaanza kuzungumzia mvua. Ana siri. Bila shaka ni ya gharama ya kutisha.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu anafundisha hisabati. Hili ni jambo la kuzingatia kabla ya kumwonyesha orodha yoyote.

Niliandika juu: Kompyuta ya Familia. Akasoma yote, kalamu nyekundu mkononi. Akauliza kipi hapa ni cha filamu na kipi ni cha magari. Nikamweleza kwamba havitenganishiki, ni kama chai na maziwa yakishachanganywa. Akauliza kioo kinahariri nini. Nikasema kioo kinapoza. Mungu anisamehe, sijui neno hilo lilitoka wapi.

Kisha akaweka kalamu chini na kusema kwa sauti ambayo si ya darasani, "Nunua unachotaka. Lakini yule mtoto nilimbeba mgongoni mimi. Jumapili asiondoke mikono mitupu."

Nikala kiapo. Nikamaanisha kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Niliomba ruhusa kazini. Siku ya ndoto!

Mama Vipuri alinipakia kila kitu. Nilipobadilisha pawa saplai alisema neno moja tu: haya. Sijawahi kusikia neno fupi hivyo likiwa refu hivyo.

Nikatandaza vipuri kwenye meza ya kulia. Ubao mama, ule wa kuchomekea vyote, katikati, mweusi, nukta zake ndogo za fedha zikimetameta kama mji unaoonekana ukiwa kwenye ndege. Prosesa ikakaa mahali pake kwa sauti ya tik. Ramu, tik, tik. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Nikajisikia nimezaliwa kwa kazi hii, miwani ilinipotezea wakati tu.

Kisha kadi ya picha. Haiingii! Imezidi kwa upana wa vidole viwili. Nilipima nje ya kasha, nikasahau kwamba feni za mbele zinakaa ndani. Nikakaa sakafuni. Nikasimama. Nikang'oa feni mbili za chini kati ya zile tatu. Ikaingia, imebanwa kama mtu kwenye suruali ya arusi yake miaka kumi baadaye.

Nikawasha. Ikawaka! Buluu, zambarau, buluu. Nikazima taa za sebuleni, nikafunga mapazia saa tisa mchana, nikakaa kuiangalia. Nilidhani ni dakika tano. Mke wangu aliporudi kutoka shuleni alisema zimepita saa mbili na nusu tangu anipigie simu ya kwanza kati ya nne.

Aliuliza filamu imefika wapi. Nikasema iko kwenye hatua ya kutafakari.

Jumamosi, 8 Juni



Asubuhi nilianza vizuri. Video zilikuwa zinateleza kama sabuni kwenye sinki! Nikawapanga watu kwa heshima: baba mkwe na hotuba yake, mama mkwe na dua yake. Nikaweka moshi. Nikaweka herufi za dhahabu zinazoruka kama ndege. Bibi yao nilimkatilia mbali sehemu yote ya mwanzo, anatafuta miwani yake na kuongea ovyo, nikabakiza sentensi mbili rasmi. Nusu ya filamu ikawa imeiva.

Saa tano nikaona si vibaya kuipima kadi ya picha. Raundi moja tu. Gari likapanda mlima. Ukungu ule! Miti inapita, upepo nausikia shingoni, kule juu kuna mwanga mweupe na mimi naelekea humo...

Pa!

Mwanga mweupe kweli. Kisha giza. Kisha harufu ya plastiki inayoungua. Pawa saplai. Imekwenda, na filamu nusu imebaki ndani ya boksi lililokufa.

Mke wangu akaja mlangoni. Hakugomba. Laiti angegomba! Alisema tu kwamba ndege ni kesho saa nane mchana, akaenda kumsaidia mdogo wake kufunga mizigo. Mgongo wake nauona hadi sasa.

Nikachukua flashi, nikaenda kwa Taa Saba. Nilimeza fahari yangu njiani, ilikuwa na miiba. Nikamwambia shemeji, nimeharibu, naomba mashine yako.

Akawa anavuta ncha ya shati lake. Kisha akafungua ubavu wa kasha lake la kioo. Taa zinawaka, zinazunguka, na ndani yake kuna ubao mmoja mdogo wa kizamani, umekaa peke yake kama mgeni aliyesahauliwa ukumbini. Aliutoa kwenye kompyuta ya ofisini iliyotupwa. Kadi ya picha hakuna. Akasema kompyuta hiyo hufungua barua pepe tu, tena siku ikiamka vizuri.

Nikamwuliza kwa nini basi alitaka kujitolea kikaoni. Akasema hakutaka. Alikuwa anapiga miayo.

Tukaangaliana. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka hadi akakaa chini.

Tukaenda kwa Mama Vipuri, wanaume wawili wazima tumeongozana kama tunaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Nikamweleza yote. Hata gemu. Hakusema, si nilikuambia. Akageuza kibao cha mlango kuwa Tumefunga, akavuta kutoka chini ya kaunta boksi la bati, la kijivu, lenye kutu pembeni. Haliwaki taa yoyote. Likafungua video zote kabla sijamaliza kuomba radhi.

Akahariri mwenyewe. Sisi tulishika kazi ya kumwambia nani ni nani. Niliomba moshi, akakataa. Herufi za dhahabu nilizitaja, akanitazama tu, zikaondoka zenyewe. Akafika kwa Bibi. Nikamwambia hapo kata, anaongea ovyo. Akasema tumsikie kwanza.

Bibi anapapasa miwani mapajani. Anauliza kama kamera imewaka. Sauti yangu inasema bado. Basi anaongea, akidhani hakuna anayemsikia ila mimi: "Huyu mtoto anajitia ushujaa. Mwambieni akitaka kulia, alie. Akimaliza ale. Mimi nitamngoja, sina safari."

Mama Vipuri akasimamisha video. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akaivua tena. Taa Saba alikuwa anasoma boksi la nyaya kwa makini mno. Mimi nilikuwa na mafua.

Hiyo ikabaki. Tulimaliza jua likiwa bado juu ya mapaa.

Jumapili, 9 Juni

Amekwenda.

Tulionyesha filamu saa nne asubuhi, sebuleni kwa mama mkwe, mizigo imepangwa mlangoni. Dakika kumi na mbili. Kidole gumba changu kinaonekana mara tatu. Ilipofika sehemu ya Bibi, Kitindamimba alicheka, kisha akajificha uso begani kwa mke wangu, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Bibi mwenyewe alilalamika kwamba ameibiwa maneno, halafu akauliza kama inaweza kurudiwa tena.

Kitindamimba akauliza nani aliitengeneza. Kifua changu kilianza kujaa, nakiri. Kisha nikamwona mke wangu. Nikasema ni Mama Vipuri, na mimi na kaka yako tulishika flashi. Watu wakacheka. Mke wangu akanishika mkono, akaushika hadi gari lilipokata kona.

Njiani kurudi nilijiambia mengi ya busara. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeoga.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Vipuri ameniwekea pembeni pawa saplai ya nguvu, yenye jina. Alikagua mashine yangu niliyompelekea, vipuri vingine vyote vizima. Akasema nikaichukue leo, mambo yaishe.

Nimekwenda. Nilikuwa na nia safi kabisa.

Lakini kumbe Jumamosi, kwa ajili ya machozi, sikuangalia vizuri ukuta wa kushoto. Kuna skrini pale. Imepinda! Imepinda kama mkono wa mtu anayekukaribisha. Ukisimama katikati, dunia inakuzunguka pande zote mbili. Nilisimama. Nilipita nyika, nikapita theluji, nikapita juu ya bahari nisiyoijua. Mama Vipuri alipouliza mara ya tatu kama nachukua ile pawa saplai, nilikuwa mbali mno kumjibu.

Baba mkwe anastaafu Agosti. Kikao cha familia ni Jumapili. Nitanyoosha mkono mapema, kabla mtu hajapiga miayo. Na filamu ya mtu mzito kama yule haiwezi kuhaririwa kwenye skrini iliyonyooka, hilo mtu yeyote analiona.

Nimelipia skrini. Ni nzuri hata ikiwa imezimwa. Itabidi iwe imezimwa kwa muda, maana fedha zimekwisha na pawa saplai imebaki dukani. Nitachukua ile nyingine, ya bei ya chini. Safari hii ya rangi nyeupe.