Bibi Juliana Anatufundisha Kushinda

Mbeya, Juni 1956

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu na heshima, naomba nafasi gazetini mwako nieleze dhiki iliyotupata wazee wa kamati ya mpira hapa Mbeya. Mwalimu wetu wa mpira alipokwenda migodini, vijana walimwomba Bibi Juliana Kalinga, mwalimu wa shule ya wasichana, awashike kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vijana wanakimbia alfajiri katika ukungu na baridi. Zamani walishinda kibarazani kwangu wakinywa kahawa na kusimulia mabao ambayo wangefunga.

2. Zamani tukifungwa tulijua sababu: tumerogwa. Mganga wetu wa Igawa alikuwa na kazi ya heshima. Bibi huyu anawaambia, "Mmefungwa kwa sababu mlichoka." Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima?

3. Tulikwenda Iringa tukashinda matatu kwa moja. Nilikuwa na hotuba yangu nzuri ya kushindwa, ile ya kila mwaka. Ikabidi niirudishe mfukoni mbele ya watu.

4. Hili ndilo kubwa. Ilipotokea nafasi ya masomo ya ualimu wa mpira Dar es Salaam, aliiomba yeye. Kwa hekima yetu tulimjibu, "Mama, wewe tufulie jezi," tukampeleka Bwana Eliezeri, mwanamume kamili, ambaye hajapata kupiga mpira. Amerudi na kipyenga kizuri. Kila jioni anamwuliza Bibi Juliana akipulize wakati gani, naye anamjibu kwa upole. Upole huo unatudhalilisha.

Basi naiomba serikali iwakataze wanawake kufundisha mpira, kabla hatujazoea kushinda.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na wasomaji wa Iringa, hasa waliolia.

Ni mimi mwenye dhiki,
Othmani bin Zubery,
Mwenyekiti

Baada ya sahihi: Tafadhali usiichape barua hii. Watu wa Iringa wamekuja kumchukua Bibi Juliana awafundishe wao. Nimemkuta mizigo yake iko juu ya lori, nikamsihi. Akasema, "Mzee Othmani, nitabaki mkinipeleka masomoni." Nimekubali kabla hajamaliza. Kitanda chake nimekirudisha mimi mwenyewe, kichwani, soko zima likitazama.