Madam na Unga wa Pakiti ya Kijani

Jumatatu, 24 Aprili

Samahani, daftari. Tangu Desemba sijakugusa. Ate Belen, dada yangu, alikununua Manila akasema niandike kila siku nisije nikarukwa na akili mume akiwa melini. Niliandika siku mbili. Halafu mtoto akaanza kuota meno, Tintin, mkubwa wake, akapata tetekuwanga, na wewe ukaenda kushikilia mguu mfupi wa meza. Samahani pia kwa duara la sufuria kwenye jalada.

Leo naandika kwa sababu kuna vita.

Hali ni hii. Mwanangu ana miezi saba na hana jina. Anaitwa Totoy tu, kama kila mtoto wa kiume wa hapa ambaye watu hawajaafikiana. Mimi nataka Rodelfin. Ro ya Rowena, ndiye mimi. Delfin ni baba yake. Hakuna mzazi aliyeachwa nje. Nanay Pacing, mama mkwe wangu, anataka Eleuterio, jina la marehemu mumewe. Kasema Rodelfin ni dawa ya kikohozi. Nikamwambia, kwa heshima zote, Eleuterio ni jina la mtu aliyeanguka kutoka mnazini. Akajibu kwamba alianguka mara mbili, na mara ya kwanza aliinuka akapanda tena.

Delfin tulimuuliza kwa simu. Kasema lolote tutakaloamua sisi wawili ni sawa kwake, kisha mtandao ukakatika. Mtandao wa ile meli una akili sana.

Basi tumekubaliana mbele ya Mang Isko, mchoma nguruwe. Ubatizo ni Jumapili, tarehe 14 Mei. Bila nguruwe mzima kwenye mti wa kuchomea, huo si ubatizo, ni kumlowesha mtoto kichwa. Kila mmoja wetu ana nguruwe. Ijumaa kabla ya ubatizo wote wawili watapimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu. Mzito ndiye atakayechomwa, na mwenye nguruwe ndiye atakayemtajia padri jina.

Wa Nanay anashinda kwenye tope akila pumba na machicha ya nazi. Wangu anaitwa Madam. Tintin ndiye aliyempa jina, ana miaka mitano na hakuna wa kumzuia. Leo nimempima Madam kiuno kwa kamba. Amepungua viganja viwili kwa yule mwingine, ambaye nilimpima Nanay akiwa kanisani.

Jumatano, 26 Aprili

Suluhisho limekuja lenyewe kwa pikipiki. Muuzaji wa kupita, shati jeupe, begi limejaa pakiti za kijani. Unga wa kuchanganya na chakula. Kasema wafugaji wakubwa wote wanautumia, ila hawasemi. Nikamuuliza kwa nini hawasemi. Akasema, "Wewe, dada, ukishinda utasema?"

Kweli tupu. Nimenunua.

Kwenye pakiti kuna picha ya nguruwe mwenye misuli kama bondia na maneno: NYAMA NYINGI, MAFUTA KIDOGO. Sikusoma zaidi, mtoto alikuwa ananivuta nywele. Nyama ndiyo uzito. Na mafuta kidogo ni afya. Nanay mwenyewe ana presha, nitakuwa nimemfanyia wema.

Nimeuficha kwenye mkebe wa biskuti. Tintin kaona. Nimemwambia ni vitamini na ni siri. Kaapa.

Jumamosi, 29 Aprili

Maendeleo. Madam anakunywa ndoo mbili zaidi kwa siku. Mabega yamejaa. Pia anatetemeka, kidogo tu, kama friji kuukuu. Tintin kasema, "Mama, Madam anatikisika kama wewe ukinywa kahawa." Mimi nakunywa pakiti tano za kahawa kwa siku kwa sababu mtoto halali. Nimemwambia sisi sote tuko kazini.

Nanay kapita, kasimama kwenye banda, kamtazama muda mrefu. Kasema mnyama huyu haonekani kunenepa, anaonekana kama amesikia habari mbaya. Wivu.

Jumanne, 2 Mei

Joto la kuua kuku. Jirani yetu ameanza mazoezi ya karaoke kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu, spika mbili zimeelekezwa kwetu. Zamani Madam alikuwa analala kwenye kelele hizo. Leo, wimbo wa kwanza tu, kagonga ukuta wa banda kwa kichwa. Wimbo wa pili, kamng'ata jogoo mkia. Nilipoingia kumtuliza, kanikimbilia mimi. Nimetoka bandani kwa juu. Sijui nilipandaje, na mtoto nilikuwa nimembeba.

Nimemshika ubavuni kupitia tundu la ukuta. Moyo unakwenda mbio, na amelala, hafanyi lolote. Nikasikitika. Nikakaa nje ya banda kumnyonyesha Totoy, tukawa watatu tunahema.

Nimefikiri sana, nikaona tatizo. Unga ni kidogo. Kuanzia kesho vijiko viwili.

Jumamosi, 6 Mei

Nimempima kwa kamba. Amempita wa Nanay kwa kidole kimoja! Nimerudia mara tatu.

Tabia yake si nzuri. Anaogopa ndoo, fagio, kivuli changu, na Mang Isko, ambaye alikuja kuazima shoka tu. Anachechemea mguu wa nyuma. Nimemwekea gunia lililoloweshwa mgongoni kama taulo la saluni, kalirarua. Nimejaribu kumwimbia wimbo wa kumlaza mtoto. Mtoto kalala. Madam hakulala.

Nanay kaleta bakuli la machicha, kasema ni ya Madam, nimwage na tope bandani, mnyama anahitaji kupoa. Nimemshukuru, nikayala machicha mimi na Tintin kwa sukari. Simpi adui nafasi ya kusema amenisaidia.

Jumatano, 10 Mei

Siku mbili zimebaki. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Padri, anaitwa Rodelfin." Sauti nzito, macho mbele. Totoy alicheka. Jina limemkubali.

Ijumaa, 12 Mei

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa bendeji. Niende kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi walikuja wanaume wanne na trekta dogo la mkono lenye tela. Nguruwe wa Nanay kapanda kama mke wa diwani, kalala. Madam walimvuta kamba. Kavunja mlango wa banda, kapita katikati ya nguo zangu nilizoanika, kazunguka kanisa, karudi na nepi kichwani. Dakika ishirini. Ndipo aliponing'ata, bila kukusudia. Wakamfunga, wakampakia. Njia yote jua linachoma, trekta linapiga kelele, yeye anapiga kelele zaidi.

Kwa mnunuzi wa mbata akashuka hatua mbili, akalala. Hakuinuka tena. Ngozi imeota mabaka mekundu, mdomo wazi, anahema kama mtu anayezama. Mmoja wa wale wanaume akainua fimbo amchape asimame. Nilimwambia akimgusa nitamchapa yeye mbele ya mama yake. Akaishusha.

Nanay Pacing ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti. Alimfunika kwa mwavuli wake wa kanisani, ule wa maua, akamwagia maji ya kunywa masikioni na miguuni, polepole. Kaniambia nitoke kwenye jua na mtoto, nisisimame tu kama mnazi.

Bwana mifugo alikuwa karibu, akaitwa. Kauliza mnyama anakula nini. Nikasema pumba na vitamini. Tintin akasema, kwa sauti ya kanisani: "Na vijiko viwili vya unga wa kwenye mkebe wa biskuti, lakini ni siri."

Basi nikaeleza. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Kasema unga ule unachukua chakula ambacho kingekuwa mafuta na kukifanya nyama, ndiyo maana anajaa mabega. Lakini unafanya hivyo kwa kumkimbiza moyo usiku na mchana, kama mtu anayefukuzwa na mbwa huku amesimama. Mnyama aliyetulia pengine atavumilia. Mpe joto, kelele, safari na kamba, hana akiba ya kuvumilia tena. Ama anakuja juu, ama anaanguka. Kauliza kama kuna siku niligundua anashtuka-shtuka. Nikasema siku moja au mbili.

Kamwekea kivuli, maji, hakuna kumgusa. Saa nzima. Nilikaa pale chini. Nilimwomba msamaha sikioni, watu wakiangalia pembeni. Mwishowe kainuka, miguu inacheza, wakamsogeza kwenye mizani taratibu.

Madam: kilo sitini na mbili. Wa Nanay: hamsini na nane.

Nimeshinda. Iandikwe hapa.

Bwana mifugo akasema nguruwe huyu haliwi. Si Jumapili, wala wiki ijayo. Mpaka unga umtoke mwilini, na yeye ndiye atakayesema lini.

Nikasema makubaliano yalikuwa kilo. Nanay akasema makubaliano yalikuwa nguruwe atakayechomwa, au nataka tumchome kwa macho? Nikamgeukia Mang Isko. Mang Isko akambonyeza Madam mgongoni kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Binti yangu, hata bila huo unga nisingemchoma. Hana mafuta. Nikimgeuza huyu motoni kwa saa nne, ngozi itakuwa kiatu. Kilo ni mambo ya mnunuzi wa mbata. Mimi nachoma ngozi."

Mafuta kidogo. Ilikuwa imeandikwa pale pale.

Jumapili, 14 Mei

Padri aliuliza jina la mtoto. Nanay alinitazama. Nilidhani atalitaja yeye, ndiyo haki yake, lakini alinisubiri. Ningeweza kusema lolote wakati ule, maji yalikuwa tayari.

Nilisema Eleuterio. Sauti nzito, macho mbele.

Nanay alilia kwenye leso nzima, na leso yangu. Baadaye alimwita "Teryo, Teryo," na mtoto kacheka kwa meno yake mawili, msaliti mdogo.

Ngozi ya nguruwe wake ilivunjika kama kioo. Kipande cha kwanza, kile cha shingoni, Nanay aliniletea mimi kwenye sahani, kasema mama anayenyonyesha ale kwanza. Nilikula sahani tatu.

Jumamosi, 10 Juni

Samahani tena, daftari. Wiki nne. Teryo ana jino la tatu.

Habari kubwa ni Madam. Unga sijampa tangu siku ile; bwana mifugo aliuchukua pamoja na mkebe wangu wa biskuti. Anakula machicha ya Nanay, analala kwenye tope la Nanay. Jirani yuko kwenye kilio cha mjomba wake, karaoke kimya. Na sasa tazama: hatetemeki, hang'ati, jogoo anamlalia mgongoni. Bwana mifugo alikuja Jumanne kasema amepona, akija mara moja tena atatoa ruhusa. Mang Isko kambonyeza mgongo, vidole vimezama. Kilo themanini.

Nanay anasema ni kupumzika na machicha. Nimemwachia aamini hivyo, mtu mzima. Mimi nimekaa nikapiga hesabu ya siku, na jibu ni moja. Unga ule unafanya kazi. Ulichelewa tu.

Na kuna jambo jingine. Jana karani wa manispaa kauliza kwa mara ya tatu habari ya cheti cha kuzaliwa. Fomu iko kabatini, sehemu ya jina iko wazi. Kumbe kanisa ni kanisa na manispaa ni manispaa. Nimemwambia Nanay. Kanywa chai yake mpaka mwisho, kasema basi Teryo akitimiza mwaka, Septemba, nguruwe kwa nguruwe, na mshindi ndiye atakayejaza fomu. Ana mtoto wa nguruwe mpya, mwekundu. Mang Isko kakubali kuwa mwamuzi, kwa mafuta safari hii, si kilo.

Ate Belen anatuma boksi kwa basi Alhamisi. Nimwandikie usiku huu haya, asipunguze kitu:

Nepi za kitambaa, sita (tatu ziliondoka na Madam).
Dawa ya fizi ya mtoto.
Kahawa ya pakiti, kubwa.
Mkebe wa biskuti, wenye kufuli.
Feni ndogo, ya bandani.
Unga wa pakiti ya kijani, pakiti mbili. Picha ya bondia. Wakiwa nao wa mafuta mengi, huo.
Kalamu nyeusi moja, isiyofutika. Manispaa hawataki bluu.