Picha Rasmi ya Ndorobo

Natangaza rasmi, kwa niaba ya Idara ya Ndorobo: kosa lilikuwa langu, ila nililifanya kwa heshima.

Serikali ya Mwingereza iliamua nzi wote wa njia ya Mitundu watambuliwe kwa picha tu. Macho ya mtu, tuliambiwa, hayana cheo. Mimi karani nikakabidhiwa nzi wawili wakavu, niwaandae kwa mpiga picha. Ndorobo, yule mbung'o anayeua ng'ombe, akitua hulaza bawa moja juu ya jingine. Nzi wa jikoni huacha mbawa zake zimetanuka. Sasa, nani anapigwa picha kajikunyata? Ndorobo ndiye mgeni rasmi, nikamkunjua mbawa. Wa jikoni nikamkunja, asimbane mkubwa. Mzungu wetu, mkuu wa idara tuliyemwita Bwana Ndorobo, akatia sahihi. Picha ikabandikwa kwenye kizuizi cha njia, tulipokagua nzi kwa kila apitaye.

Kuanzia hapo, kila nzi wa jikoni akawa ndorobo. Ndorobo wenyewe walipita, tukawatakia safari njema.

Siku moja ng'ombe wa mama Selina alikutwa na nzi wa mbawa wazi, akalazwa ndani ya banda la giza, lile lenye tundu moja ili nzi afuate mwanga, atoke. Asubuhi mama akaja.

"Shikamoo, mama," alisema Zefania, askari wa wavu.

"Marahaba. Nipe ng'ombe wangu. Ndama yuko ng'ambo ya kizuizi, hajanyonya tangu jana."

"Sheria inasema atoke nzi kwanza."

"Nzi si huyo umemshika kwenye wavu?"

"Ndiye, mama. Ndiyo maana ng'ombe hatoki."

"Mwanangu, huyu anatua kwenye ugali wako kila siku. Mbona hujafa?"

"Picha imesema."

Ndama akalia kule ng'ambo, sauti imemkauka. Ng'ombe akamjibu kutoka gizani. Nikaitazama picha, nikaitazama sahihi, nikakohoa.

Ndipo ikafika motokaa ya Bwana Ndorobo. Zefania akazungusha wavu, akamnasa nzi juu ya mkate wa Bwana. Mbawa: wazi.

"Hii nzi ya jikoni!" Bwana akafoka.

"Sahihi ni yako, Bwana," alisema Zefania. "Tuseme picha ni ya uwongo?"

Bwana akaitazama sahihi yake. Wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wamemsifu sana kwa picha ile.

"Picha ni kweli," akasema polepole.

Basi, ikawa zamu yake kuingia bandani. Banda lina nafasi ya mshukiwa mmoja, ikabidi ng'ombe atolewe apishe cheo. Mama Selina hakungoja kibali. Alimswaga mbio, na kabla hatujamaliza kukaza komeo la Bwana, ndama alishang'ang'ania chuchu, mkia unacheza.

Utaratibu ulifuatwa. Bwana atatoka nzi akishatoka, na nzi alikuwa kwenye wavu wa Zefania.

"Karani," ikaja sauti kutoka gizani, ya upole ambao hatujapata kuusikia. "Tafadhali, nakuomba. Fungua mlango."

Sote tulikuwa tunamtazama ndama.