Mnara wa Pili wa Jumba la Forodha

Jumatatu, 3 Machi

Michoro ya jumba la forodha imefika, mipana kama mashuka, kwenye karatasi nyembamba inayopitisha nuru. Kazi yangu: kuiskani, kuisafisha, kuifanya faili la kupeleka kiwandani Odense. Huko litachapwa turubai la kufunika viunzi vya mafundi wanaolikarabati, ili watu wa mji watazame picha ya jumba lao badala ya mabomba. Sijawahi kukosea hata mstari.

Hapo ndipo penye tatizo. Nafasi ya kudumu ni moja, mimi au Asger. Ofisini kwetu anayekosea huleta keki, tunakula, kosa linakufa. Asger ameleta keki hadi muoka mikate anamuulizia hali ya mama yake. Mimi, kamwe. Nilidhani ni sifa! Leo nimemsikia bosi wetu, Vibeke, akisema jikoni kwamba humwogopa mtu asiyeleta keki: ama ni malaika, ama anaficha.

Malaika hapewi mkataba.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza njia nzima juu ya baiskeli, upepo usoni. Jibu nimelipata: nikosee. Kidogo, kwa ustadi, kisha nijigundue mwenyewe mbele ya watu.

Nimeulaza mchoro kifudifudi kwenye skana yetu, ambayo husoma kutoka juu. Mistari inaonekana vilevile, ila jumba limegeuka: mnara wa kushoto umehamia kulia. Maandishi nimeyafuta, kwani kiwanda hakiyataki, kwa hiyo hakuna herufi ya kunisaliti. Kosa zuri kabisa! Faili linaondoka Alhamisi. Kesho wakati wa kahawa nitashika kichwa, nitacheka, nitaleta keki ya lozi. Nimefanya mazoezi ya kucheka mbele ya kioo. Bado.

Jumatano, 5 Machi

Foleni kwa muoka mikate. Narudi na keki, uso umeshajiandaa. Asger ananipokea mlangoni kwa furaha. Odense wamepata mwanya, wakaomba faili mapema, naye akawatumia.

“Usinishukuru,” akasema. “Wewe hukosei, mwenzangu, kwa nini nipoteze muda kuangalia?”

Nikaiweka keki chini ya meza. Nikisema sasa, wataniuliza nimelijua kosa tangu lini.

Mpango mpya. Nikatoka uani, nikapiga simu kiwandani, nikaikokota sauti iwe nzito, nikasema mimi ni Vibeke na nataka mashine isimamishwe. Mzee wa kule akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa adabu kubwa, kwamba Vibeke amesimama pale kando yake, anakunywa kahawa. Je, ningependa kujisalimia?

Nikakata.

Jumatatu, 10 Machi

Turubai limetundikwa. Linapendeza mno! Mnara uliochapwa uko kulia. Mnara wa kweli, ambao hakuna aliyekumbuka kwamba ungechomoza juu ya turubai, uko kushoto. Jumba la forodha sasa lina minara miwili, kama mbuzi na pembe zake.

Bibi mmoja mwenye mbwa alimsimamisha Asger kumuuliza wa pili umejengwa lini, na kwa nini majirani hawakushirikishwa.

Vibeke alituita wote. Hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. Akauliza tu, “Nani?”

Nikavuta pumzi. Nilikuwa tayari, naapa. Nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia, yenye heshima, isiyo na neno “makusudi”. Asger akasimama kabla sijaipata.

“Mimi. Nililituma bila kulifungua. Ningelitazama mara moja tu, ningeona.”

Kisha Vibeke akasema, “Basi keki iwe kubwa,” wakacheka, wakampiga Asger mgongoni. Mimi nikacheka pia. Safari hii kicheko kilitoka vizuri, bahati mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Asger amepata nafasi. Vibeke amesema ofisi inahitaji mtu anayebeba kosa hata lisipokuwa lake lote, na hapo akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Mimi nimeongezewa muda hadi kiangazi. Ghala la chini limejaa michoro ya kuskani. Asger akaninong'oneza kwamba nisivunjike moyo, mtu makini kama mimi hakosi bahati. Alisema kwa moyo safi kabisa. Nilitamani kumgeuza kifudifudi.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu. Naona nilipokosea: nilitengeneza kosa langu, kumbe kinacholipa ni kubeba la mwenzako! Asger hakutumia hila yoyote, ilimwangukia tu. Mimi nitaifanya kwa mpango.

Kinachotakiwa ni mtu akosee, kosa kubwa, la heshima, nami nisimame. Kwa cheo, anayefaa ni Vibeke. Tabu ni kwamba Vibeke hakosei.

Jumatatu nitamsaidia.