Mimi na Bakteria Wangu Wazima

Jumatatu, tarehe 6
Wameogelea! Miezi saba bakteria wangu wanajikokota tu chini ya hadubini, leo mbio tupu. Nimewarekodi? Sijarekodi. Nilikuwa nacheka.
Mama Mkuu, profesa wetu, ametangaza kwamba Ijumaa tutaonyesha bakteria wetu mubashara, na nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ni moja. Tunaoigombea ni wawili: mimi na Taratibu, yule dada anayeandika kila kitu daftarini na kumpa pole hata anayepiga chafya. Wake wanaogelea hivi hivi tu. Nimempigia mama, nikamwambia nafasi nimeshapata. Shangazi wote watatu wanajua.

Jumanne, tarehe 7
Taratibu kaniuliza bakteria wangu wanaendeleaje. Kwa nini aulize? Nikajibu hawajambo, nikaondoka.
Nina mpango. Makabati ya kuwapa joto na kuwatikisa ni mawili, langu mlangoni, lake dirishani. Chupa zetu huandikwa “kundi zima” kwa walio hai, “kundi fu” kwa tuliowaua ili kulinganisha. Basi nimeandika FU kwa wino mwekundu, nikabandika kwenye kabati la Taratibu. Kwenye langu, ZIMA. Herufi kubwa kama za duka. Mama Mkuu akipita atajua mwenye uhai ni nani. Jamani, akili ninayo!

Jumatano, tarehe 8
Sikuingia maabara. Nimenyoa, nimepiga pasi shati la Ijumaa. Nasikia Mama Mkuu ana mafua, hakupita popote.

Alhamisi, tarehe 9
Nimekwisha! Kabati langu kimya, baridi. Limezimwa tangu juzi jioni!
Nikamvaa Babu Swichi, fundi wetu, ambaye kazi yake kila jioni ni kuzima visivyotumika. Akanijibu kwa upole wa kuudhi kwamba niliandika zima, naye akazima. Ningeandika washa, angeliacha linawaka. Na la Taratibu je? Akasema hiyo FU hakuielewa, akaogopa kugusa.
Hawajafa, wamezubaa. Nimewabembeleza, nimewaita wanangu. Wapi! Taratibu akaja na pole yake, akasema atamwomba Mama Mkuu anipe mpaka Jumatatu. Nikakataa. Anatafuta nini huyu?

Ijumaa, tarehe 10
Niwaeleze nini watu? Kwenye skrini hakuna hata mmoja aliyejongea. Nikapeleka goti chini ya meza, nikaitikisa kidogo kidogo. Wakaanza kucheza! Mama Mkuu akasogea, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema hajawahi kuona bakteria wanaokwenda pamoja namna hii, huku na huku, kwa mdundo. Nikanyanyua kidevu.
Kisha akauliza mbona hata mkwaruzo wa kioo walicholalia unaogelea.
Goti likasimama. Na wao wakasimama. Kundi zima likacheka, na hapo sisemi bakteria.
Nafasi kapewa Taratibu. Mama Mkuu kaniambia, tena bila hasira, kwamba wale wa Jumatatu aliwaona kwenye skrini akiwa mlangoni, mimi nikicheka, na leo alikuja akiwa ameshaniandikia barua ya kunipa nafasi. Kaichana. Nimejifungia stoo ya chupa nikalia. Kweli nimelia. Mama kapiga mara nne, sijapokea.

Jumatatu, tarehe 13
Taratibu kaniambia kundi la ghorofa ya tatu, wanaochunguza ukungu, wanatafuta mtu mmoja, na kwamba ameshanisemea vizuri kwao. Nimemshukuru, ila namwangalia kwa jicho la pembeni.
Mama nimemwambia nimepandishwa. Si uongo, ni ghorofa mbili juu.
Tunaowania ni wawili tena. Mwenzangu ni kaka mmoja mkimya, hunisalimia kila tukikutana kwenye ngazi. Leo nimeshajua anakoegesha baiskeli yake.