Nakhisa na Vita vya Kusimama Robo Saa

Sogeeni, enyi mliowahi kukaa kikaoni hadi miguu ikafa ganzi, niwasimulie habari za Nakhisa binti Khaemba, mshika ratiba asiyetetereka, na asubuhi aliyowasimamisha mabingwa watano wa Nakasero, jijini Kampala.

Watano hao walikuwa watengenezaji wa programu, na hapo kale, yaani mwezi wa Januari, walikuwa na nidhamu. Kila siku saa tatu asubuhi walisimama mbele ya ubao, kila mmoja akaeleza alichofanya jana, atakachofanya leo na kilichomkwamisha. Kisha likaja juma la mvua, mmoja akavuta kiti. Kesho yake vikawa viti vitano; keshokutwa chai na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi; kikao kikatanuka kama himaya, kikameza asubuhi nzima, hadi wakakiacha kabisa. Kila shujaa akaziba masikio kwa muziki wake na kupigana peke yake.

Maafa hayakukawia. Zahanati moja ya Lubaga ilingoja programu ya kuwapangia kina mama siku za kliniki, wasishinde mabenchini na watoto wachanga. Muuguzi Teresa akapiga simu mara ya tatu. "Mlisema Pasaka," alisema bila kufoka, na huko kutofoka ndiko kulikomchoma Nakhisa.

Jumatano akawahi kabla ya wote, akavikokota viti koridoni kimoja kimoja, akihema kama askari avutaye mzinga.

Saa tatu akaingia Swaib wa Old Kampala, mkongwe wa timu, asiyewahi kushindwa na hitilafu wala kukiri kuwa nayo. Kiti chake cha ofisini, chenye vigurudumu, hakipo!

"Madamu!" akanguruma. "Mgongo huu umebeba programu miaka kumi na miwili. Leo wautaka usimame kama askari wa geti?"

"Usimame, ssebo," akajibu Nakhisa. "Robo saa tu. Ikizidi dakika moja, nitavirudisha viti kwa mikono hii, na chako nitakisukuma nawe ukiwa juu yake."

Wakacheka, wakasimama. Valarie akanena, Kidega akanena, na wengine wawili. Zamu ya Swaib ilipofika, akatazama viatu vyake.

"Mimi... nimekwama," akasema. "Leo siku ya tisa. Ujumbe wa kuwakumbusha kina mama hauondoki."

Kidega akaduwaa. "Banange, mzee! Hilo nililitatua mwezi jana kwenye kazi nyingine. Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi?"

Kikao kikafungwa dakika ya kumi na nne.

Kabla ya adhuhuri, Swaib na Kidega wakiwa bega kwa bega, ujumbe wa kwanza ukaruka hadi Lubaga. Teresa akajibu neno moja: "Umefika."

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: Alhamisi, saa tatu kasoro dakika mbili, Nakhisa alimkuta Swaib amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akiuliza kwa ukali wenzake wamechelewa wapi.